Mbakisheni yule wa makabrasha

Mmeuliza wiki hii: maisha yakiwa magumu, je, vyombo vya habari vipunguze habari mbaya ili watu wasikate tamaa? Niliwahi kusahihisha prufu kwenye gazeti moja, kwa hiyo msitegemee nitakaa katikati.

Hofu iliyomo ndani ya swali naielewa. Septemba 13, 2007, BBC ilitangaza kwamba benki ya Northern Rock ya Uingereza imeomba msaada wa dharura kwa Benki Kuu. Kesho yake foleni zikatanda nje ya matawi yake. Wapo waliomlaumu mwandishi. Lakini si yeye aliyeikausha benki ile. Ilizoea kukopesha watu nyumba kwa fedha ambazo yenyewe ilikuwa ikizikopa masokoni, na tangu Agosti masoko hayo yalikuwa yamekaza mkono. Foleni zilipungua serikali ilipoahidi kuzidhamini amana za wateja. Angenyamaza, shimo lingekuwa palepale.

Mimi zinanitisha zaidi habari ambazo haziandikwi kabisa. Uchumi ukibana, wafanyabiashara hukata matangazo kwanza, na gazeti letu liliishi kwa matangazo kuliko kwa nakala zilizouzwa. Pale kwetu kurasa zilianza kupungua, kisha watu. Mchambuzi wa soka alibaki (nami nilimsoma, sikatai). Aliyeondolewa mapema ni mzee mmoja aliyekuwa akihudhuria vikao vya bajeti. Alikuwa akirudi jioni na kabrasha lililochorwachorwa kalamu nyekundu, anaandika aya nne, nami nazisahihisha huku napiga miayo. Alipoondoka, hakuna msomaji hata mmoja aliyepiga simu kumuulizia.

Pengo kama hilo gharama yake tumeiona Bell, mji mdogo wa watu wa kipato cha chini karibu na Los Angeles, Marekani, wenye wakazi wasiofika 40,000. Hawakuwa na gazeti la kuwafuatilia wakubwa wao siku hadi siku. Julai 2010, waandishi wawili wa Los Angeles Times, Jeff Gottlieb na Ruben Vives, walifichua kwamba meneja wa mji, Robert Rizzo, alikuwa akilipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka. Rais wa Marekani analipwa 400,000. Madiwani, ambao kazi yao haikuwa hata ya kutwa, walijipangia karibu 100,000 kila mmoja. Haya yalifanyika nchi ikiwa kwenye mdororo mkubwa, watu wananyang'anywa nyumba. Mwaka 2014 Rizzo alihukumiwa kifungo cha miaka 12.

Kinachonikera kwenye kisa hiki ni kwamba mishahara ile haikuwa siri ya kufukuliwa usiku. Ilikuwa kwenye nyaraka ambazo sheria ya California inamruhusu mwananchi yeyote kuziomba. Ila mwananchi anayehangaikia kodi ya nyumba ana saa ngapi za kupekua mikataba ya ajira? Wale wawili walilipwa ili wawe na saa hizo.

Kwa hiyo jibu langu: hapana, msipunguze. Na mhasibu akija na orodha ya majina ya kukata, mchambuzi wa soka atajitetea mwenyewe, ana mashabiki. Yule wa makabrasha hana wa kumsemea. Namsemea mimi, niliyekuwa napiga miayo.