Mteja akisema "nina leseni": baunsa afanye nini bastola ikifika mlangoni

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni baunsa katika klabu moja hapa Nyali, Mombasa, mwaka wa tatu sasa. Ijumaa iliyopita, saa tisa kasorobo usiku, alikuja mteja na wenzake watatu. Fimbo ya kukagulia ikalia kiunoni mwake. Akainua shati kidogo, nikaiona bastola. Akasema ana leseni, na kama naona shida basi nimshikie mpaka atakapotoka. Meneja akanipa ishara ya mkono niwaache wapite, nikawaacha. Hakikutokea kitu, lakini tangu siku ile usingizi sipati. Nilipaswa kufanya nini? Je, kuna jaketi la kuzuia risasi ninaloweza kununua nikavaa chini ya shati la kazi? Tena mlango wetu wa nyuma hutiwa kufuli kwa sababu kuna wateja wanaotoroka bila kulipa. Mimi naona ni hatari, meneja hanisikii.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonishtua zaidi ni lile neno "nimshikie". Nianze na hilo, kwa sababu ungeweza kuamkia rumande bila risasi hata moja kulia.

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, kifungu cha 4, inakataza mtu yeyote kuwa na bunduki au risasi bila cheti, yaani ile anayoiita leseni. Cheti hicho hupewa mtu kwa jina lake, na hakihami pamoja na bastola inapohama mkono. Akikukabidhi umshikie, kwa muda wote huo mwenye silaha ni wewe, na cheti huna. Msako wa polisi ukiingia usiku huo, yeye atakuwa ndani anakunywa na wewe utakuwa mlangoni na bastola ya mtu mfukoni. Utaanzaje kujieleza?

Halafu kuna hatari ya chuma chenyewe. Miaka ya nyuma nilikuwa msimamizi wa zamu katika klabu moja hapa pwani ambako wateja walikuwa wakiacha bastola zao kaunta, ndani ya droo. Usiku mmoja bwana mmoja akatoa magazini, kile kisanduku cha risasi, akaiweka mezani, akaelekeza mtutu chini na kuvuta kifyatulio kutuonyesha kwamba bastola ni tupu. Haikuwa tupu. Magazini ikichomolewa, risasi iliyokwisha kuingia chemba, pale nyuma ya mtutu, hubaki pale pale. Ilipiga kigae, kigae kikapasuka, na kipande kikamchana mama wa usafi chini ya goti. Muziki ulikuwa juu kiasi kwamba watu wa ndani hawakujua lolote. Mimi nakumbuka ndoo yake ilivyopinduka, maji ya sabuni yakatiririka na damu mpaka kizingitini. Asubuhi yake ile droo iliondolewa, na tangu hapo sijakubali baunsa wangu yeyote aguse silaha ya mteja, wala mteja kuitoa na kuipakua mlangoni petu.

Sasa swali lako lenyewe. Leseni inamruhusu mtu kumiliki silaha. Haimpi haki ya kuingia nayo katika nyumba ya mtu mwingine ya biashara. Klabu ina haki ya kuamua kwamba silaha haiingii, na wewe unasimamia uamuzi huo. Sheria ya Kudhibiti Ulinzi wa Kibinafsi ya mwaka 2016 inampa mlinzi mamlaka ya kumpekua anayeingia katika eneo analolinda. Na ile Sheria ya Silaha, katika kifungu cha 33, inasema ni kosa kuwa mlevi au kufanya fujo huku umebeba bunduki. Mtu anakuja klabu usiku wa manane afanye nini kama si kunywa? Ukimpitisha, unampeleka mwenyewe kwenye kosa hilo, na kila aliye ndani atakuwa karibu naye atakapolifanya.

Bila shaka unaikumbuka Januari 2020, pale DJ alipopigwa risasi ya shingo ndani ya klabu moja ya Kilimani, Nairobi. Mbunge alishtakiwa. Shtaka la kujaribu kuua likaondolewa, na Desemba 2023 mahakama ikamwachilia huru katika shtaka la kufanya fujo akiwa na bunduki. Sitaki kuihukumu upya kesi hiyo. Ninachotaka ukione ni hiki: kijana yule alikuwa kazini kwake, na silaha ilikuwa imeshapita mlangoni kabla ya ugomvi wowote kuanza. Ikishavuka kizingiti, baunsa huna tena cha kufanya nayo. Nguvu yako yote iko katika ile hatua moja ya kuingia.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, haiingii, awe nani. Lakini namna ya kuisema hiyo hapana ndiyo kazi yetu yenyewe, na hapo ndipo vijana wengi wanapoponzwa. Mtu mwenye bastola kiunoni na wenzake watatu nyuma yake anachoogopa zaidi ni aibu. Ukimkatalia mbele yao kwa sauti kubwa, umemfungia njia ya kurudi. Msogeze kando hatua tatu nne, wewe na yeye tu, mwenzako akitazama wale wengine. Simama ubavu kidogo, mikono yako wazi mbele ya tumbo, usiinyooshe kuelekea kiuno chake. Mwambie kwa sauti ya chini: "Bosi wangu, karibu sana. Kanuni ya hapa silaha haiingii, ya mtu yeyote. Ukirudi bila hiyo, meza yako mimi mwenyewe nitakushikia." Lawama ibebwe na kanuni, wewe ubaki mtu wa kumpa heshima. Akikuuliza "unanijua mimi ni nani?", usijibu kwamba humjui, wala usicheke. Mjibu "nakuheshimu, mheshimiwa, ndiyo maana nakuambia faraghani." Na usimshauri akaiache garini. Gari huvunjwa, na ugomvi ukizuka ndani, silaha iko hatua ishirini tu kutoka mlangoni. Aipeleke nyumbani.

Akiondoka kwa hasira, kazi ndiyo kwanza imeanza. Katika miaka yangu, hofu kubwa haijawahi kunijia wakati mtu anabisha. Hunijia baada ya nusu saa, gari lile lile linaporudi taratibu na taa zimezimwa. Mkishamkatalia au kumtoa mtu wa namna hiyo, mmoja wenu aandike namba ya gari, aiseme kwenye redio, na jicho moja libaki kwenye maegesho mpaka mtakapofunga. Msisimame wote mmejipanga chini ya taa ya mlango. Upekuzi ufanyike mbele, mita kadhaa kabla ya mlango, na foleni isiwe imebanana hapo.

Sisi wa Mombasa tulilipia somo hilo. Tarehe 15 Mei 2012, katika klabu ya Bella Vista, watu waliozuiwa na walinzi langoni walirusha maguruneti. Mlinzi mmoja mwanamke aliuawa na wengine wakajeruhiwa. Walinzi wale walifanya kazi yao sawasawa, na kwa kukataa kwao mauaji hayakuingia ndani kwenye umati. Kila nikipita pale namkumbuka mama yule, na kila nikifundisha mlango naanza na yeye. Ule usiku wa mwaka mpya wa 2017, klabu ya Reina mjini Istanbul ambako watu 39 waliuawa, mshambuliaji alianza vilevile kwa kumpiga risasi polisi aliyekuwa langoni. Mlango ndio unaopigwa kwanza. Anayekulipa ujira wa mlango anapaswa kulijua hilo.

Neno kuhusu wanawake: bila mlinzi wa kike, ukaguzi wenu ni nusu. Fimbo inapita kwa mwanamume, na bastola inapita ndani ya mkoba wa mwenzake. Nimeikuta hivyo si mara moja.

Kuhusu meneja. Hukufanya kosa kubwa kumtii, ulikuwa peke yako. Lakini usikubali tena ishara ya mkono. Mwombe kwa adabu kanuni ya silaha iandikwe, isainiwe na mwenye klabu, na ibandikwe mlangoni ili isomwe na kila mtu. Na siku akikuambia "mwache apite", fungua kitabu cha matukio, andika saa, andika "mteja mwenye bastola ameruhusiwa kwa amri ya meneja", kisha mpe kalamu atie saini. Usilifanye kwa ukaidi, lifanye kama utaratibu wa kawaida wa kazi. Nimewaona mameneja wengi wakibadili mawazo mara kalamu inapofika mkononi.

Sasa jaketi. Yako majaketi laini yanayovaliwa chini ya shati, na ngazi zake hupangwa kwa viwango vya taasisi ya Marekani iitwayo NIJ. Kwa majina ya zamani, ambayo bado utayaona kwenye lebo, IIA, II na IIIA ni za risasi za bastola. III na IV ni za bunduki ndefu, nazo huhitaji bamba gumu na zito ambalo huwezi kulificha. Tangu 2023 kuna majina mapya: HG1 na HG2 kwa bastola, RF kwa bunduki ndefu. Kwa kazi ya mlango, IIIA au HG2 ndiyo ya kutafuta. Itazuia risasi ya milimita 9. Haitazuia AK-47. Usidhani pia itazuia kisu, kwa sababu ncha hupenya nyuzi zinazozuia risasi, na kisu utakutana nacho mara nyingi kuliko bastola. Ulizia lililopimwa kwa vyote viwili. Tazama tarehe ya kutengenezwa, maana majaketi mengi laini hupewa dhamana ya miaka mitano, na jasho na joto la pwani hayayasaidii. La mtumba lisilo na lebo liache. Na kabla ya kutoa shilingi, pita Bodi ya Leseni za Silaha uulizie kibali, usije ukakamatwa kwa kile ulichonunua kukukinga. Hata ukilipata, shingo, kwapa, nyonga na mapaja viko wazi.

Ndiyo maana ningependa kwanza uwe na kitu cha bei nafuu zaidi: mkanda wa kukaza wa kuzuia damu, shashi ya kutosha na glavu, ndani ya kipochi kiunoni mwako, si ofisini kwa meneja. Mshipa mkubwa wa paja ukikatwa, mtu anaweza kufa kwa dakika chache, kabla gari la wagonjwa halijatoka kituoni. Funga mkanda upande wa juu wa jeraha, kati ya jeraha na kiwiliwili, si kwenye jeraha lenyewe, wala usiufunge kwenye kiungo cha goti au kiwiko. Zungusha kijiti chake mpaka damu ikome. Atalia kwa maumivu, usilegeze. Andika saa uliyofunga. Jeraha la kinena au kwapani, ambako mkanda haushiki, lijaze shashi mpaka ndani na ukandamize kwa uzito wako wote bila kuinua mkono kuchungulia. Piga 999 au 112, na Msalaba Mwekundu 1199. Fanyeni mazoezi mchana, taa zikiwaka, ili usiku vidole vijue vyenyewe.

Liko jambo hukuniuliza, na ni lazima nilitaje. Tarehe 11 Novemba 2018, katika baa moja mjini Robbins, karibu na Chicago, mlinzi Jemel Roberson, umri miaka 26, alikuwa amemdhibiti mtu baada ya ufyatuaji wa risasi, amemlaza chini huku bastola yake ikiwa mkononi. Polisi alifika akampiga risasi yeye. Mashahidi walisema watu walikuwa wakipiga kelele kwamba huyo ni mlinzi. Akafariki. Sisi hatubebi silaha, lakini askari anayeingia gizani kwenye mayowe hakujui wewe wala shati lako. Ikitokea mmemnyang'anya mtu bastola, msiinyanyue juu kuionyesha. Isukumeni kwa mguu mbali na watu, mmoja asimame kuilinda bila kuigusa. Polisi wakiingia, mikono juu, viganja wazi, na mmoja tu aseme.

Kuhusu fidia: Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima, na ukipata ulemavu kamili wa kudumu fidia hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96. Mkataba wa mdomo ni mkataba, ila utahitaji ushahidi, kwa hiyo tunza ujumbe wa malipo ya simu kila wiki na picha ya ratiba ya zamu. Jeraha lolote mjulishe mwajiri kwa maandishi siku hiyo hiyo.

Nimeuacha mlango wa nyuma mwisho kwa sababu huo hauhitaji kusubiri sheria wala fedha. Juni 2016, kule Orlando, katika klabu ya Pulse walikouawa watu 49, baunsa mmoja aliyewahi kuwa mwanajeshi alijikuta na watu wamebanana kwenye ukumbi wa nyuma. Mlango ulikuwa mbele yao, umefungwa kwa komeo tu, lakini kwa hofu hakuna aliyelifungua. Aliruka juu yao akalifungua mwenyewe, na kwa makadirio yake watu 60 au 70 wakatoka. Lile lilikuwa komeo. Lenu ni kufuli, na ufunguo uko kwenye mnyororo wa meneja ambaye saa tisa usiku yuko kaunta. Mwambie kuna nondo ya mlango ya kusukuma kwa kiganja, inayoufungua kutoka ndani tu, na kengele hulia mtu akitoroka na bili. Mpaka atakapoiweka, omba mmoja wenu apangiwe kusimama pale na kufuli lining'inie wazi. Leo jioni kabla hamjafungua, zima taa za ukumbi, simama karibu na kaunta, kisha tembea kuelekea mlango ule ukipapasa ukuta. Hesabu hatua, na uangalie ni makreti mangapi ya soda yatakayokukwaza njiani.