Faili Nililolitengeneza Mwenyewe Likanishinda Kulisoma

Jumanne iliyopita dada mmoja wa Arusha kaniandikia: "Shikamoo kaka. Ofisini kwetu kuna mfumo wa zamani, aliyeutengeneza kahamia Mwanza na simu hapokei. Mafaili yapo, ila nikiyafungua naona majina ya watu yamechanganyika na vijialama. Data imekufa?"

Marahaba dada. Haijafa. Nilitaka kukujibu kwa mstari mmoja nikashindwa, kwa sababu huyo jamaa aliyehamia Mwanza namfahamu vizuri. Ni mimi. Sikuhamia Mwanza, niko hapahapa Moshi, na simu huwa napokea. Mengine yote ni mimi.

Mwaka 2004 nilikuwa na miaka 23, na hakuna mtu mjini aliyejua kompyuta kuliko mimi, kwa maoni yangu. Chama kimoja cha msingi cha kahawa upande wa Uru kilitaka kupumzisha leja. Nikakaa wiki tano na Visual Basic 6, lugha ya kuandikia programu, nikawatengenezea programu. Mkulima anafika na gunia lake, karani anapima, anaingiza namba, risiti inatoka kwenye ile printa ya kelele. Siku ya kwanza wazee walijazana dirishani kuitazama printa tu. Nililipwa laki tatu na mkungu wa ndizi, na kwa miaka saba hakuna aliyenipigia kulalamika. Naomba hilo likumbukwe, maana baadaye walilisahau.

Mwaka 2011 kompyuta yao ikafa, chama kikabadili utaratibu, mimi nikawa na duka langu la stesheneri karibu na Mbuyuni. Miaka iliyofuata nairuka, haina la kusimulia.

2022 katibu akanipigia. Wanachama wengi wa enzi zile wameshatangulia mbele ya haki, watoto wao wanadai hisa, chama kinataka kujua nani alileta kahawa na kilo ngapi. Leja za kabla ya 2004 zipo. Mchwa wamekula pembeni lakini zinasomeka. Za baada ya 2011 zipo. Miaka saba ya katikati, yaani miaka yangu, iko ndani ya faili moja ambalo karani alikuwa na akili ya kulihifadhi kwenye flashi: MAPOKEZI.DAT. "Wewe ndiye mwenye mali," katibu akasema, "njoo utufungulie."

Nikapanda kwa bodaboda na laptopu mgongoni, nikijua ni kazi ya nusu saa. Msimbo wa programu, yaani maandishi niliyoitengenezea, sikuwa nao, diski yangu ilikufa zamani. CD niliyowaachia ilikuwa na mikwaruzo kama imechezewa na watoto. Nikafungua faili kwa Notepad: majina, halafu takataka, halafu jina. Nikalitupia kwenye Excel, Excel ikafanya vituko vyake. Saa mbili zikapita. Mzee mmoja wa bodi akawageukia wenzake: "Kwa hiyo huyu kijana alitufungia kahawa kwenye sanduku, akameza ufunguo."

Walicheka wote. Nilikuwa na miaka arobaini na moja siku hiyo, bado kijana, na maneno yale yananiwasha mpaka leo. Mwezi huohuo wakaita vijana fulani wa kampuni, wakaangalia faili dakika kumi, wakasema limeharibika. Halikuwa limeharibika! Lilikuwa zima kabisa, baiti kwa baiti (baiti ni vile vijinamba vidogo ambavyo faili lolote limejengwa navyo). Kilichopotea ni maelezo.

Ngoja nieleze hapa taratibu, maana ndipo penye kiini. Faili la aina hii ni mfululizo wa baiti usio na kichwa wala mkia. Hauelezi kwamba baiti nne za kwanza ni namba ya mwanachama na thelathini zinazofuata ni jina. Mafaili ya dBASE, programu ya kutunza kumbukumbu ya miaka ya themanini, yalikuwa na adabu kuliko langu: mwanzoni mwa faili kuna orodha ya safu zote, jina la safu, aina yake na urefu wake. Mimi niliona huo ni upotevu wa nafasi. Muundo ukabaki ndani ya msimbo na ndani ya kichwa changu, na kichwa changu mwaka 2022 kilikuwa kinajua bei ya karatasi za A4.

Nikaanza kama mpelelezi. Faili lilikuwa na baiti 1,044,288. Majina yalikuwa yanajirudia kila baada ya baiti 56. Gawanya: rekodi 18,648, hakuna salio. Hapo nikajua urefu wa rekodi moja, nikalala usingizi mzuri. Kesho yake nikasoma namba ya mwanachama wa kwanza nikapata 16,777,216. Uru yote haina watu hao, hata ukihesabu na migomba. Baiti zilikuwa 01 00 00 00 (huandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, ndiyo maana mbele utaona na herufi), na kompyuta zetu hizi huandika baiti ya thamani ndogo kwanza. Nilikuwa nasoma kwa kuanzia upande wa pili. Mwanachama namba 1, basi.

Kilichoniokoa ni bibi mmoja. Alikuwa na risiti zake zote kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda, zimefungwa kwa kamba ya mgomba. Akanipa ya tarehe 1 Novemba 2004: kilo 43.5, bei 800, jumla 34,800. Wino umefifia lakini unasomeka. Nikatafuta jina lake kwenye faili, nikaweka risiti pembeni ya kioo, nikaanza kulinganisha. 00 00 2E 42: hiyo ni 43.5 kwa namba yenye desimali ya baiti nne. Bei ikanisumbua siku mbili. Baiti nane, 00 12 7A na masufuri matano, ukizisoma kama namba nzima unapata 8,000,000. Nikasema hakuna kahawa ya milioni nane kwa kilo, hata kwenye mnada. Ndipo nikakumbuka: Visual Basic ilikuwa na aina maalumu ya fedha, inazidisha kila kiasi mara 10,000 ili senti zisipotee. Na tarehe? Imeandikwa 38292, yaani siku zilizopita tangu tarehe 30 Desemba 1899. Nani anayezaliwa leo atakisia hilo?

Sasa sikiliza, dada, hapa ndipo ushauri unapoanza. Ningeweza kuandika programu nyingine ya kubadilisha faili, nikamaliza. Hilo lingekuwa kosa lilelile la 2004 kwa sura mpya, maana maelezo yangebaki tena ndani ya msimbo wa mtu mmoja. Nikatafuta, nikakutana na DFDL (Data Format Description Language). Ni lugha ya kueleza muundo wa data tu, haifanyi kazi nyingine. Imejengwa juu ya XML Schema, utaratibu wa kueleza muundo wa mafaili ya XML, kwa hiyo unaandika skima ya kawaida, yaani maelezo ya muundo, kisha kila kipengele unakipa sifa zake: kina baiti ngapi, kiko kwa herufi au kwa namba za mashine, baiti ya thamani ndogo inatangulia au inafuata. Hata ile bei yangu ya kuzidishwa ina mahali pake, unasema nukta ya desimali ihesabiwe tarakimu nne kutoka kulia. Halafu kuna Apache Daffodil, programu ya bure inayosoma skima yako, inapokea faili la takataka, inakutolea XML au JSON safi, yaani maandishi yanayotaja kila kitu kwa jina lake. Mwaka 2024 DFDL ikawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 23415. Maana yake si mali ya kampuni ambayo kesho itafunga ofisi. Visual Basic 6 yangu ilitoka 1998, na kufikia 2008 Microsoft walishaacha kuihudumia.

Skima yangu ina mistari isiyofika mia. Nilipoiendesha, rekodi 18,648 zikatiririka, na ya bibi ikaja vilevile ilivyo kwenye risiti. Nilipiga kelele dukani, mteja akadondosha bahasha.

Tarehe ndiyo ilinikatalia kidogo. DFDL inajua tarehe zinazohesabiwa kwa sekunde, hizi zangu za siku na desimali haizijui, kwa hiyo niliziacha kama namba nikaandika maelezo kwa Kiswahili ndani ya skima: hesabu siku kuanzia 30 Desemba 1899. Usidharau mstari kama huo. Wataalamu wa mashirika ya anga, wenye picha na vipimo vya vyombo vilivyorushwa kabla sijazaliwa, waliumwa na ugonjwa huuhuu wakatengeneza mwongozo wa hifadhi, ule uliofanywa kiwango cha kimataifa, ISO 14721, mwaka 2003. Wanasema kuhifadhi baiti peke yake si kuhifadhi. Lazima uhifadhi pamoja nazo maelezo ya kuzisomea, ukimfikiria msomaji wa baadaye ambaye hatajua unayoyajua wewe. Walikuwa pia na lugha yao ya kueleza data, inaitwa EAST, iliyotoholewa kwenye Ada, lugha ya kuandikia programu.

Najua wewe unayesoma hapa unataka kazi yako idumu kuliko wewe. Basi andika maelezo. Yaandike siku unayotengeneza faili, si siku ya kuondoka. Yaandike kwa lugha ya kiwango, si kwenye daftari lako la siri. Kama unaanza upya leo na huna sababu ya kutumia baiti za mashine, tumia CSV, yaani faili la maandishi lenye safu zilizotenganishwa kwa koma, na uweke pembeni yake faili la JSON linaloeleza kila safu ni nini na kipimo chake ni kipi. W3C, shirika la viwango vya mtandao, walishatoa utaratibu wa hilo tangu 2015. Na maelezo yakae folda moja na data, kwenye flashi ileile, yachapishwe na kwenye karatasi. Nimesema yaandike? Yaandike. Wale vijana wa kampuni walipewa kazi ya mfumo mpya, si mimi. Niliwauliza data itatolewaje siku mkiondoka. Wakanijibu, "Mzee, iko kwenye wingu." Wingu la hapa kwetu tunalijua, mlima unaonekana asubuhi, saa nne haupo.

Dada, nitumie baiti elfu moja za mwanzo za faili lako na risiti au fomu moja ya karatasi ya kipindi hicho, ukiwa umefuta majina. Bila karatasi tutahangaika sana.

Chama walipata orodha yao. Mzee wa sanduku alinisalimia, hakusema kitu. Lakini kuna safu moja ya baiti mbili, nimeiita daraja. Karani wa zamani, macho hayaoni vizuri siku hizi, alinitajia kwa kichwa: 1 ni maganda daraja la kwanza, 2 ni la pili, 3 ni buni. Halafu kuna rekodi 212 zenye namba 7, zote za msimu wa 2006. Nilimsomea majina mojamoja, akatikisa kichwa. Nami ndiye niliyeweka hiyo 7. Kwenye skima nimeandika: "7, maana haijulikani, aliulizwa aliyeitengeneza."