Shangazi, hii ni hamu gani?

"Shangazi shikamoo. Mchumba wangu yuko mbali kikazi mwezi wa 3 sasa, juzi saa 8 usiku kanitumia meseji: 'Nina hamu na wewe mpaka kula sili.' Nikaona kumbe huyu anautaka mwili tu, nikamblok. Nimekosea? – Mwenye Mashaka"

Marahaba mwanangu. Yani meseji moja tu mtu ushamtupa blok, hata kumuuliza hujamuuliza! Ngoja kwanza tuliangalie hilo neno maana naona ndo lenye kesi hapa.

Hamu tumeichukua kwa Waarabu, kwao hamm ni dhiki, yale mawazo yanayomkalia mtu kifuani, na wana usemi wao wa hamm na ghamm, yani mtu kazidiwa na majonzi. Sasa wasikilize watu wa mpira: "tunaisubiri fainali kwa hamu na ghamu!" Maneno ni yaleyale, wenzetu wanayalilia sisi tunayavalia jezi 😂 Hata kamusi za Kiswahili za karne ya 19 utakuta hamu bado ni huzuni, uzito wa moyo. Mi sishangai ilivyogeuka, mtu akimkosa mtu wake anaumia, na kuumia hukohuko ndo kunamfanya atamani arudi, kwaiyo neno likahama taratibu toka kwenye kuumia likaenda kwenye kutaka, alafu nyie vijana mkaliingiza chumbani kabisa, ya moyoni mkabaki mnasema "nimekumiss". Ila halijafungiwa huko chumbani, si unamsikia mtu aliyechoshwa anavyosema "yule sina hamu naye"? Hapo kitanda hakimo hata kidogo.

Sasa rudi kwenye meseji yako uisome yote, we umeishia kwenye "hamu na wewe" ukarusha simu. Kuna "mpaka kula sili" pale. Mwenye tamaa anakula mwanangu, tena anakula akashiba, anayeshindwa kumeza ni yule mwenye hamu ya kizamani. Saa 8 usiku sikatai, hata mi ningekunja uso kidogo, ila ndo saa hiyohiyo mtu mwenye mawazo yuko macho anahesabu mabati.

Mtoe blok leo, mwandikie tu: "hamu ipi?" Akikuomba picha, nirudie tuongee mengine. Akikwambia siku anayorudi, mjibu vizuri, na umuulize kama kala.