Jibu la msomaji: Penzi na mikono ya kimashine

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama hadithi ya mapenzi inaiongezea thamani riwaya ya kubuni yenye giza na mashine za mvuke, ile aina inayoitwa stimpanki, au ni kiungo tu kinachotiwa ili kitabu kiuzike. Nitajibu kwa kitabu kimoja, *Everfair* cha Nisi Shawl, Mmarekani mweusi, kilichotoka mwaka 2016. Kisa chake kiko Kongo, na humo nimeona penzi likifanya kazi ambayo mashine na bunduki zote za kitabu hicho zisingeiweza.

Giza la riwaya hii halikubuniwa. Kuanzia mwaka 1885 hadi 1908 Kongo ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ambaye hakuwahi kuikanyaga nchi hiyo. Wanakijiji walipangiwa kiasi cha mpira wa porini cha kuleta, na askari walidaiwa mkono uliokatwa kwa kila risasi waliyofyatua, kama ushahidi kwamba hawakuipoteza kwa kuwinda wanyama. Ipo picha iliyopigwa Baringa mwaka 1904 na mmisionari Alice Seeley Harris, ambamo mwanamume aitwaye Nsala ameketi ukingoni mwa baraza, akiutazama mkono mdogo na mguu mdogo uliolazwa mbele yake. Ndivyo vilivyosalia vya binti yake. Kila nikiitazama picha hiyo, macho yangu huishia kwenye mabega ya baba yule.

Shawl anachukua historia hiyo na kuipindisha. Katika riwaya, wajamaa wa Kiingereza wa chama cha Fabian wanaungana na wamisionari Wamarekani weusi, wananunua ardhi kutoka kwa Leopold, na kuifanya kimbilio la waliotoroka unyama wa mpira. Humo waliokatwa mikono wanaundiwa mikono ya kimashine, mingine ikiwa na silaha ndani yake, na mitumbwi ya angani inaruka juu ya msitu kwa nguvu ya udongo unaotoa joto, ambao siri yake inalindwa na makuhani. Msomaji aliyekulia Afrika Mashariki hatapata shida kuingia katika ulimwengu huo. Bibi yangu aliita meli ya moshi stima, nasi leo twauita umeme stima, kwa hiyo mvuke umo katika maneno yetu ya kila siku hata pale tulipousahau.

Sasa nije kwenye mapenzi. Kitabu hakianzii Kongo, kinaanzia Ufaransa mwaka 1889, na cha kwanza tunachokiona ni msichana aitwaye Lisette akipita njia ya msituni juu ya baiskeli yake mpya, amejaa furaha ya mwili wake na ya chombo chake. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo Dunlop alikuwa amepata hataza ya tairi lake la upepo, na haukupita muda mrefu kiu ya Ulaya ya mpira ikawa haikatiki. Nilipokisoma kitabu mara ya pili sikuweza tena kuufurahia mwendo wa baiskeli ile bila kumkumbuka Nsala barazani.

Lisette anakua na kumpenda mwanamke mwenzake, Daisy, mshairi wa Kiingereza aliye miongoni mwa waasisi wa nchi hiyo mpya. Daisy ni mtu mwema kwa kila kipimo, kwani ameacha raha za kwao na anawatetea walioonewa. Lakini mwanawe George anapotaka kumwoa Martha Hunter, mmisionari mweusi kutoka Marekani, Daisy anatoa kauli ya kupinga watu wa rangi mbalimbali kuchanganya damu, naye anaitoa mbele ya Lisette, ambaye mwenyewe ana damu ya Kiafrika katika ukoo wake. Penzi lao linavunjika hapo, na miaka inapita.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lenu. Leopold ni adui wa wazi, na mitumbwi ya angani inaweza kumfukuza. Kauli ya Daisy haifukuziki kwa silaha yoyote, kwa sababu imetoka katika kinywa kinachopendwa, na asiyempenda Daisy asingeumizwa nayo kiasi hicho. Kama mwandishi angeliondoa penzi hili, tungebaki na vita vya wema dhidi ya wabaya, na tusingejua kamwe kwamba ubaguzi ulisafiri ndani ya mizigo ya hao hao waliokuja kuokoa.

Fwendi, msichana aliyekatwa mkono na kuwekewa wa kimashine, naye ana mapenzi yake, na mwandishi wa tamthilia Mskoti aitwaye Matty anayemzidi umri kwa mbali. Hapa nina lawama. Sura za kitabu ni fupi, kila moja imeandikwa mahali na tarehe juu yake, na kati ya sura na sura hupita miezi, pengine miaka. Kwa vita na siasa mrukio huo unafaa, lakini penzi hukua katika siku zile zile zinazorukwa. Nilitamani nikae na Fwendi jioni moja nzima, nimwone akiamua mkono upi auweke juu ya mkono wa Matty, ule wa kuzaliwa nao au ule wa kuundwa, na nione Matty anaupokeaje. Badala yake nilifungua ukurasa, nikasoma tarehe mpya, nikakuta wameshapita hapo bila mimi.