Kijana anayehamaki upesi: mwili utulizwe kwanza

Kijana akishapandwa na jazba, mawaidha hayamwingii. Ukimwambia "tulia" ndiyo kwanza unamchochea. Tiba ya DBT (dialectical behavior therapy, yaani tiba ya kisaikolojia inayofundisha kudhibiti hisia kali), aliyoibuni mwanasaikolojia Marsha Linehan nchini Marekani, kisha Alec Miller na Jill Rathus wakairekebisha iwafae vijana, inamfundisha stadi za kumvusha saa hiyo. Lakini stadi hizo hufanyiwa mazoezi siku ambayo nyumba nzima imetulia. Hapo ndipo familia nyingi hukwama: stadi inatajwa kwa mara ya kwanza katikati ya ugomvi, inashindwa, halafu kijana anaamua kwamba "haya mambo hayafanyi kazi."

Anzeni na maji baridi. Jaza beseni maji ya baridi kali, ila yasipungue nyuzi 10 za Selisiasi. Kijana ainame, azuie pumzi, atumbukize uso mpaka macho na mashavu yaguse maji, akae hivyo sekunde 15 hadi 30. Mwili unaitikia kama umezama: mapigo ya moyo yanapungua, na munkari unashuka nayo. Kunawa uso bombani tu hakutoshi, kwa sababu kuinama na kuzuia pumzi ni sehemu ya dawa yenyewe. Mwenye maradhi ya moyo, anayetumia dawa za kupunguza mapigo au mwenye tatizo la kujinyima chakula asijaribu kabla ya kumwuliza daktari.

Nafuu hiyo ni ya dakika chache. Itumieni papo hapo kupumua polepole: avute pumzi kwa hesabu ya 4, aitoe kwa hesabu ya 6, kwa dakika mbili hadi tano. Kutoa pumzi kuchukue muda mrefu kuliko kuivuta. Akigeuza, atazidi kuhema.

Jioni ajaze kadi yake: hisia kali za siku na hamu ya kufanya jambo la hatari, kila moja kwa alama 0 hadi 5, pamoja na stadi aliyoitumia. Kadi ya wiki nzima ikijazwa garini njiani kwenda kwa mtaalamu, zile ni namba za kubuni, na mtaalamu mzoefu huzitambua.

Kadi ndiyo inayoonyesha tukio la kuchambua. Tuseme amevunja simu yake. Mnarudi nyuma hatua kwa hatua: alilala saa ngapi, alikula nini, aliona nini (marafiki wamekutana bila yeye), akajiambia nini ("hawanitaki"), kifua kikawaje, akafanya nini, akapata nafuu gani papo hapo, na kesho yake gharama gani. Hiyo nafuu ya papo hapo msiiruke, kwani ndiyo inayomrudisha kwenye tendo lilelile. Kisha mtafute kiungo cha mapema kabisa ambacho kingeweza kukatwa. Mara nyingi ni usingizi au lile wazo la "hawanitaki", wala si sekunde ya kuirusha simu. Swali la kutumia ni "halafu?" Ukiuliza "kwa nini ulifanya hivyo?" utapata utetezi, na uchambuzi unageuka kesi. Kwa maoni yetu wazazi wamwachie mtaalamu kazi hii mwanzoni.

Mzazi ana kazi yake nyingine: kutambua hisia bila kubariki tendo. "Naona imekuuma sana kuachwa." Nukta. Ukiongeza "lakini," sentensi ya kwanza imekufa. Simu iliyovunjika ataigharamia vilevile, ila mazungumzo hayo yangoje mpaka apoe.

Katika DBT ya vijana, kwa kawaida kuna kipindi cha ana kwa ana na mtaalamu kila wiki, darasa la stadi ambalo mzazi naye anahudhuria, na simu fupi za kukumbushwa stadi. Nchini Norway, utafiti uliochapishwa 2014 kuhusu vijana 77 waliokuwa wakijidhuru ulitumia wiki 19, na waliopata DBT walijidhuru mara chache kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Programu nyingine hufika miezi sita.

Kijana akijidhuru au akizungumzia kufa, dawa na vitu vyenye makali viondolewe, asiachwe peke yake, apelekwe kwenye huduma ya dharura. Beseni la maji si mbadala wa hilo.

Kabla ya kulipia tiba, mwulize mtaalamu: kuna kadi ya kila siku? Mzazi anaingia darasani? Kati ya vipindi kijana anaweza kupiga simu? Na wewe mwenyewe una timu ya wenzako mnaokutana kujadili kazi? Akijibu hapana kwa mengi ya hayo, huenda bado ni mshauri mzuri, ila anachotoa si DBT kamili.