Chili ya Cincinnati: nyama isiyokaangwa

Swali la wiki hii: "Ni chakula gani cha ugenini kimeingia jikoni mwako kikakaa, na unakipikaje?"

Chili ya Cincinnati. Nataja mji kwa makusudi, kwa sababu Marekani neno chili peke yake halitoshi. Texas utapewa nyama ya ng'ombe ya vipande katika rojo zito la pilipili kavu, na wapo watakaokukasirikia ukitia maharage. Bunge la jimbo lile liliitangaza chili kuwa chakula cha jimbo mwaka 1977. Hapa Cincinnati, kusini ya jimbo la Ohio, ukivuka mto tu uko jimbo la Kentucky, chili ni rojo jepesi la nyama ya kusaga linalomwagwa juu ya spageti. Lina mdalasini, lina karafuu, na juu yake hurundikwa jibini ya cheddar iliyokunwa kwa nyuzi nyembamba mpaka chakula chenyewe hakionekani.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nina miaka tisa hapa, kazi yangu kuhudumia wazee zamu ya usiku. Chakula hiki nilikinusa kabla sijakiona. Nilifungua mlango wa chumba cha mapumziko cha wafanyakazi, kikanijia harufu ya pilau. Nilisimama palepale na koti mkononi, nikatafuta kwa macho nani Mswahili mwenzangu humu ndani. Hakuwapo. Alikuwapo mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa mji huu, na sufuria yake ya umeme ya kupikia taratibu, ile ambayo wote hapa huiita Crock-Pot hata ikiwa ya kampuni nyingine. Akanipakulia.

Nikaja kujua kwamba asili yake si ya Kimarekani tupu. Ndugu wawili wahamiaji wa Kimakedonia, Tom na John Kiradjieff, walifungua mgahawa wao, Empress, mwaka 1922, wakatia viungo vya kwao kwenye nyama ya hapa. Huko Balkani na Ugiriki mdalasini kwenye nyama ni jambo la kawaida, kama kwetu pwani. Mhamiaji mwingine, Nicholas Lambrinides kutoka Ugiriki, akafungua mgahawa mwingine wa chili, Skyline, mwaka 1949. Ndiyo maana pua yangu ilidanganyika: watu wale na sisi tulikuwa na kabati moja la viungo, tukapika mambo mawili tofauti.

Nilipojaribu nyumbani nilipika kwa mkono wangu wa Tanga. Mafuta yakapata moto, kitunguu kikaiva hadi rangi ya hudhurungi, thomu, nyama ya kusaga nikaikaanga mpaka ikakauka maji. Nilimpelekea yule mama bakuli. Alikula yote, akanishukuru, kisha akaniambia bila kuzunguka: "Nyama yako tamu, lakini hii si chili ya hapa. Umeikaanga." Jumapili iliyofuata alikuja kwangu na tufaha za watoto, akavua pete zake akaziweka dirishani, akatia nyama mbichi kwenye sufuria ya maji baridi na kuanza kuivuruga kwa vidole. Alivuruga kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, mpaka maji yakawa kama ya kuoshea mchele na nyama ikawa chenga tupu.

Hilo ndilo jambo lenyewe, na ndilo nililotaka hasa kuwaandikia. Nyama iliyokaangwa hushikana mabonge, na ladha yake ya kukaangwa hufunika viungo. Iliyovurugwa kwenye maji baridi huachana punje kwa punje, rojo linakuwa laini na kushika spageti vizuri. Ukikaanga utakula chakula kizuri, ila utakuwa umepika kima.

Kwa kilo 1 ya nyama ya ng'ombe (mimi natoa bucha la halali, na huomba isagwe mara mbili), anayepika kwenye jiko la kawaida hutia maji lita 1 au zaidi kidogo, kwa kuwa mvuke utatoka saa tatu nzima. Sufuria ya taratibu haitoi mvuke. Mfuniko unaurudisha wote chini. Kwa hiyo natia vikombe viwili na nusu tu. Mwanzoni sikulijua hilo, nikapata supu. Nikishavuruga nachemsha mara moja jikoni, natoa povu, ndipo namimina kwenye sufuria ya umeme, ili nyama isikae masaa ikiwa vuguvugu tu. Kisha vinafuata vitunguu maji viwili vilivyokatwa vidogo kabisa, vibichi, thomu punje nne, kopo la nyanya la gramu 400, na viungo: mdalasini wa unga kijiko 1 cha chai, bizari nyembamba kijiko 1 cha chai, karafuu ya unga robo kijiko, chumvi, majani mawili ya bay, na allspice nusu kijiko. Allspice ni punje za mti wa Jamaika, harufu yake ni kama karafuu, mdalasini na kungumanga vimesagwa pamoja. Natia pia unga wa kakao usio na sukari, kijiko 1 cha chakula. Kakao hutaisikia kama kakao, inaongeza weusi na uzito wa ladha tu.

Sasa sikilizeni kuhusu pilipili. Maelekezo ya hapa husema vijiko 2 vya chakula vya "chili powder". Hiyo ni mchanganyiko: pilipili kavu isiyo kali, bizari nyembamba, thomu na oregano, yaani majani makavu ya kiungo. Dada yangu Dar alisoma nilivyomwandikia, akatia vijiko 2 vya pilipili kali ya unga ya dukani kwao, na sufuria nzima ikamshinda. Ukiwa nyumbani tumia paprika, yaani unga wa pilipili nyekundu isiyo kali, vijiko 2 vya chakula, na pilipili kali robo kijiko cha chai.

Nafunika saa mbili asubuhi nikishatoka zamuni, kwenye moto wa chini, nalala. Saa kumi jioni iko tayari. Hakuna kufunua katikati. Kila ukifunua unaongeza dakika 20 hadi 30 za kupika. Mwishoni natia siki kijiko 1 cha chakula, kisha naiacha ipoe na kulala kwenye friji usiku kucha. Asubuhi mafuta yameganda juu, gamba la rangi ya chungwa, unaliinua kwa kijiko linatoka zima. Naacha kipande kidogo, bila mafuta kabisa harufu ya mdalasini inapooza.

Maharage mekundu hupikwa mbali. Msiyatie makavu kwenye sufuria ya taratibu. Yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali, na sufuria hii huenda isifike moto huo. Yaloweke, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu kwa dakika 30 kwenye maji mapya, kisha endelea mpaka yaive. Au nunua ya kopo.

Mezani watu huhesabu. Spageti na chili na jibini ni "njia tatu", ukiongeza kitunguu kibichi au maharage ni nne, vyote viwili ni tano. Pembeni vibiskuti vya chumvi, vidogo kama vifungo vya shati. Hapa spageti haizungushwi kwenye uma. Unakata kwa ubavu wa uma, kama keki, ili kila tonge lishike tabaka zote. Wanangu hukaa mezani na kutaja namba zao kabla hata hawajavua viatu.

Ramadhani naipika usiku, jioni naipasha tu. Tambi za sukari zinakaa upande huu wa meza, spageti ya chili upande ule, na mtoto wangu wa mwisho aliwahi kuchanganya sahani moja na kuimaliza.

Mama yangu Tanga hana sufuria ya umeme. Nilimwelekeza kwa simu, akapika kwenye jiko la mkaa, lita 1 ya maji, moto umefunikwa majivu, saa tatu, akikoroga mara mojamoja. Kuvuruga nyama kwenye maji baridi alikubali baada ya ubishi mrefu. Siki alikataa. Alikamua ndimu, akanipigia kusema imetoka sawasawa, na kwamba majirani wameuliza ni pilau gani hiyo isiyo na mchele.