Uliza Anti: Naenda kwa adivaiza kumwambia nini?

SWALI: Shikamoo Anti. Mi niko mwaka wa pili, nasoma mambo ya biashara chuo kimoja hapa Dar. Mwaka wa kwanza nilikula sapu (mitihani ya kurudia) mbili, nikazifaulu zote ila GPA, yani wastani wa pointi, imeganda kwenye 2.9 na nyumbani wanataka nitoke na apa sekondi, lile daraja la pili la juu. Jina la adivaiza wangu, yule mwalimu wa kunishauri masomo, nililiona ubaoni ile wiki ya kwanza, tangu hapo sijakanyaga ofisini kwake. Nikienda namwambia nini sasa, na si ataniona kilaza?

ANTI: Marahaba mwanangu. Kwa sapu mbili hakuoni kilaza, hao watu washaona mpaka wanaodisko (kufukuzwa chuo kwa kufeli) mwaka wa mwisho. Kitakachomchosha ni ukiingia ukakaa ukasema "Dokta naomba ushauri" afu ukanyamaza. Ushauri wa nini? Ana vipindi vyake, ana rundo la pepa za kusahihisha na wanafunzi wengine kibao waliopangwa chini yake, hakumbuki we ni nani wala ulipata nini kwenye takwimu, kwa hiyo we ndo unatakiwa uende na kazi ishafanywa nusu.

Chukua kalamu tupige hesabu. Digrii ya miaka mitatu hapa Tanzania ni krediti 360 (krediti ndo uzito wa kozi), tuseme 120 kila mwaka. Apa sekondi inaanzia 3.5, zidisha kwa 360 unapata pointi 1260. We unazo 2.9 mara 120, yani 348. Zimebaki 912 za kutafuta kwenye krediti 240, gawanya hapo, inakuja 3.8. Na kwa kuwa B+ ni 4 na B ni 3, basi kwenye kila kozi tano zenye krediti sawa utoke na B+ nne na B moja, miaka miwili mfululizo. Inawezekana kabisa ila sio ya kubahatisha, na sapu usiitegemee tena maana vyuo vingi ukifaulu sapu unaandikiwa C tu, pointi 2, hata kama pepa uliichana.

Sasa hiyo karatasi ndo unaingia nayo, pamoja na matokeo yako yote uliyoprinti. "Dokta, nahitaji wastani wa 3.8, kwenye hizi kozi za hiari nichukue ipi, na ile niliyotoka na C itanisumbua wapi huko mbele?" Hapo umempa kitu cha kushika. Yeye anajua kozi gani ya mwaka wa tatu imesimama juu ya ile iliyokupa sapu, na anajua ipi ina krediti 12 na ipi 8, jambo ambalo wengi hamlitazami kabisa wakati ile ya 12 ndo inayovuta GPA kwa nguvu, iwe juu au chini. Mnachagua kozi kwa sababu rafiki kachagua au mmesikia kuna mwalimu anagawa A. (Huyo mwalimu nimemsikia kila chuo, aliyegawiwa sijakutana naye.)

Nenda wiki za mwanzo za semista, wakati kuadi na kudropu (kuongeza na kuacha) kozi bado kuko wazi kwenye mfumo. Wenzio wanajazana mlangoni matokeo yakishabandikwa na hapo anachobaki nacho ni pole tu. Na usimtumie "mambo dokta" WhatsApp saa tano usiku, andika imeili fupi: "Shikamoo Dokta. Mimi ni fulani, namba ya usajili hii, mwaka wa pili. Naomba dakika 15 wiki hii tuangalie uchaguzi wangu wa kozi, matokeo nimeambatanisha." Asipojibu, nenda kwenye zile saa alizobandika mlangoni.

Kuna vitu sio vyake. Maksi hawezi kukubadilishia, rufaa ina utaratibu wake kupitia idara na ina tarehe ya mwisho. Bumu, ile hela ya mkopo, likichelewa, nenda dawati la mikopo. Ila kama kuna ugonjwa, msiba au ada inayokula masomo yako mwambie mapema, kuahirisha mwaka kuna fomu na atakuelekeza pa kuanzia, tofauti na yule anayekacha UE (mtihani wa mwisho wa semista) kimya kimya afu anashangaa jina lake limo kwenye disko. Na ukija kuomba skolashipu ya masters utadaiwa barua ya mtu anayekujua. Atakayekuwa anakujua nani kama hata huyu humfuati?

SWALI: Anti, wangu nimeambiwa yuko nje anasoma PhD, mwaka mzima hayupo. Nifanyeje?

ANTI: Usimsubiri. Nenda kwa sekretari wa idara, mwambie unaomba kupangiwa mwingine, atakupeleka kwa mkuu wa idara au atakwambia uandike barua, ya mistari mitatu tu inatosha. Kabla jina jipya halijatoka, fomu zako mkuu wa idara anaweza kuzisaini mwenyewe, ila mwahi asubuhi maana mchana huwa vikaoni.